Malori Yakikatazwa Mchana, Nani Atalipia Usiku?



Neno la kuyakataza malori makubwa kuingia barabara za mjini wakati wa mchana limerudi tena vinywani mwa watu. Si neno jipya. Kila Digo Road inapoziba na foleni ikafika Mwembe Tayari, hapakosi mtu wa kusimama akasema ya kuwa dawa ni moja tu: mizigo mizito ipite usiku. Wenye motokaa ndogo husema hivyo. Wenye mahoteli husema hivyo. Hata baadhi ya wenye maduka, ambao mizigo ni yao, husema hivyo. Ambao hawajaulizwa ni wale wanaoishusha mizigo yenyewe.

Basi leo twasema sisi, na twataka kusema wazi tangu mwanzo asije mtu akatusingizia. Hatuyatetei malori. Lori la tani 20 halina kazi katika njia za Mji wa Kale saa 5 za mchana, na mwanachama wetu anayeshusha mifuko ya saruji huku honi zamlilia masikioni ndiye wa kwanza kutaka liondoke. Tunachokataa ni jambo jingine. Saa za mchana zikiondolewa kwa tajiri, watu husema kana kwamba zimetupwa baharini. Hazikutupwa. Zimehamishwa zikawekwa mgongoni mwa hamali, taniboi na dereva, usiku, na hakuna aliyetaja malipo yake.

Tuutazame mji kwanza. Kisiwa chetu ni kidogo na milango yake yahesabika: daraja la Nyali, feri ya Likoni, na kwa upande wa Changamwe njia za Makupa na Kipevu. Bandari tunayo mlangoni, na mwaka 2024 ilipitisha makontena zaidi ya milioni 2 kwa hesabu ya kontena la futi 20. Mtu akisikia hesabu hiyo hudhani ndiyo inayouziba mji. Sivyo. Lori la Kampala au la Kigali halina haja na Ndia Kuu. Sehemu ya kwanza ya barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa mwaka 2018, magari ya kituo cha makontena cha Kipevu yalipata njia ya kutokea Miritini bila kugusa mji, na mwaka huo huo treni ya reli mpya ilianza kuchukua makontena kwenda bara. Mizigo inayotusonga katika Digo Road, Biashara Street, Langoni na Kuze ni yetu wenyewe: mchele, sukari, unga, mafuta ya kupikia, saruji, mabati, soda, marobota ya vitambaa na ya mitumba. Ni chakula cha mji na nguo zake. Haiwezi kuzuiwa. Yaweza kupangiwa njia na saa, basi.

Na Mji wa Kale haukujengwa kwa ajili ya magurudumu. Nyumba zake ni za matumbawe na chokaa, roshani za mbao zimetokeza juu ya njia, na njia zenyewe zilipimwa kwa mtu, punda na mzigo wa begani. Mizigo ilikuja kwa jahazi mpaka Bandari ya Kale, ikapandishwa na mahamali hata maghalani, hatua chache tu. Baadaye meli kubwa zilihamia Kilindini, na magati ya kwanza ya kina kirefu yakafunguliwa huko mwaka 1926, lakini wenye maduka ya jumla hawakuhama nayo. Walibaki upande huu. Hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia: mzigo washuka upande mmoja wa kisiwa, mwenyewe yuko upande wa pili, na katikati pana barabara ya watu wote. Hata kabla ya motokaa kuenea Wazungu waliiona taabu hiyo, wakatandika reli nyembamba kutoka upande wa mji hata Kilindini, na matoroli juu yake yakisukumwa na watu. Picha za matoroli hayo ziko: bwana amekaa kivulini, na nyuma yake watu wasukuma. Reli ziling'olewa zamani. Wanaosukuma wako bado, ila sasa wasukuma mkokoteni.

Mwaka 1990 Mji wa Kale uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali kwa ajili ya majengo yake, na mwaka 2011 Fort Jesus iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zalindwa, na ni vizuri zilindwe. Hatujaona bado tangazo la kumlinda aliyebeba gunia chini ya roshani hizo.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaotoa maagizo huiona kupitia kioo cha motokaa. Tajiri ameagiza kontena la futi 40. Kontena hilo lina urefu wa mita 12, na likiwa juu ya trela, pamoja na kichwa cha lori, lapita mita 15. Duka lake limo ndani ya uchochoro ambao hata pikapu haipiti bila kukunja vioo. Dereva aelekezwa asimame mdomoni mwa njia, magurudumu ya upande mmoja juu ya njia ya waendao kwa miguu. Milango yafunguliwa. Watu wanane wajipanga: wawili ndani wakipandisha, sita wakibeba, au mkokoteni wasogezwa ukajazwa, ukaenda, ukarudi. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia la sukari ni kilo 50. Gunia la mahindi ni kilo 90, hali Shirika la Kazi la Dunia lilipendekeza tangu mwaka 1967 ya kwamba mzigo wa mtu mmoja, mwanamume mzima, usizidi kilo 55. Kazi hii yachukua saa tatu, pengine nne. Nyuma yake matatu zapiga honi, tuktuk zajipenyeza, mama na mtoto washuka katikati ya barabara kwa kuwa njia ya miguu imezibwa, na kila anayepita amtukana nani? Amtukana hamali.

Na hamali hakuliita kontena pale. Yuko mtu aliyefanya hesabu akaona ya kuwa kupangisha godauni Shimanzi ni fedha, na kukodi magari madogo kutoka godauni mpaka dukani ni fedha tena, bali barabara ni bure. Akaifanya barabara kuwa godauni lake kwa saa nne. Faida ya saa hizo imo mfukoni mwake, na hasara imegawanywa kwa mji mzima, kila mtu akipata fungu lake dogo la jasho na matusi. Hilo ndilo jambo ambalo amri ya "malori usiku" haligusi hata kidogo. Tajiri yule yule ataendelea kuitumia barabara kuwa godauni, ila sasa mji utakuwa umelala usimwone.

Wenzetu wengine watauliza: usiku una ubaya gani? Hakuna jua, hakuna foleni. Ni kweli, na hatutaki kuficha ya kuwa ndani ya chama hiki hatusemi kwa sauti moja. Madereva wengi waupenda usiku, kwa sababu safari ya Shimanzi mpaka Makadara, ambayo mchana yaweza kumla mtu saa nzima, usiku ni ya dakika chache. Na katika mwezi wa Ramadhani aliyefunga huona afadhali kubeba baada ya futari kuliko saa 8 za mchana na koo limekauka. Hayo twayakubali. Lakini dereva anayeusifu usiku ni yule aliyekwisha kuingia mjini. Mwulize yule aliyezuiwa njiani upande wa Changamwe tangu saa 9 za alasiri, injini imezimwa, taniboi amelala chini ya trela kutafuta kivuli, maji ya kunywa ni ya kununua na choo ni kichaka, akingoja saa ifike. Naye ana sifa za usiku, lakini hatuwezi kuziandika hapa.

Tumfuate sasa mtu mmoja wa kibarua. Hulipwa kwa gunia au kwa lori, hana mshahara wa mwezi. Mchana aweza kushusha lori moja asubuhi, jingine adhuhuri, na alasiri akapata mkokoteni wa mtu wa kusukuma. Ikitoka amri ya usiku, malori yote yaja pamoja. Atashusha moja, labda mawili, na hayo mengine yatashushwa na wengine wakati ule ule. Basi pato lake la siku limekatwa, hali hakuna aliyepunguza hata senti moja kwa gunia, wala hana wa kumshtaki. Amefika saa 2 za usiku kwa kuwa msimamizi amesema lori laja saa 3. Lori limengoja njiani, likaingia katika foleni ya wenzake, likafika saa 6. Saa hizo nne za kungoja hazina malipo. Kazi yaisha saa 9 za usiku. Yeye akaa Kisauni, au ng'ambo ya Likoni. Matatu hakuna, na bodaboda wa saa hizo ataja bei anayoitaka. Basi alala juu ya baraza ya duka mpaka alfajiri, na askari akimkuta pale amwuliza anatafuta nini. Hana karatasi ya kuonyesha ya kuwa alikuwa kazini, kwa sababu kibarua hapewi karatasi.

Tena gizani magunia hupotea. Mchana macho ni mengi: yuko karani, yuko jirani, yuko mama wa chai. Usiku karani amechoka, hesabu yafanywa kwa taa ya simu, na asubuhi yakionekana magunia mawili hayapo, fedha hukatwa kwa wote walioshusha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu tajiri kukata kiasi kinachofaa kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanya kazi. Haimruhusu kuwakata watu wanane kwa sababu taa ya barabarani haikuwaka. Lakini ni nani atakayemsomea kibarua sheria hiyo saa 9 za usiku?

Wala tusimsahau mama wa chai na mahamri, anayeuza mbele ya maghala asubuhi kwa kuwa wabebaji wako pale. Kazi ikihamia usiku, yeye hawezi kuhama nayo. Ana watoto nyumbani. Si mwanachama wetu, lakini amewalisha wanachama wetu wengi kwa deni. Na mwenye duka dogo naye, mwenye mlango mmoja, atamweka nani saa 6 za usiku kupokea katoni kumi za sabuni na kutia sahihi? Mwenye maduka makubwa ataajiri karani wa usiku. Huyu atakaa mwenyewe, na asubuhi afungue duka kama kawaida. Na wenyeji wa Mji wa Kale, ambao vyumba vyao vya kulala viko juu ya njia kabisa, wataamka kwa kishindo cha mabati yakitupwa chini. Walilalamika juu ya malori ya mchana, na walikuwa na haki. Wakilalamika juu ya malori ya usiku watakuwa na haki vile vile, na watamlalamikia yule yule aliyesimama mbele ya mlango wao na gunia.

Mambo haya ni ya kale kuliko watu wanavyodhani. Yapata mwaka 45 kabla ya Kristo, katika siku za Julius Caesar, mji wa Roma uliwekewa sheria ya kwamba magari ya kukokotwa yasitembee mjini tangu kuchomoza jua mpaka alasiri, ila kwa kazi chache kama ujenzi wa mahekalu. Mchana ukapata nafasi. Baada ya miaka mia moja na zaidi mshairi wao Juvenal alikuwa bado akilalamika ya kuwa mtu maskini hapati usingizi Roma kwa kelele za magari. Habari za waliokuwa wakiyapakua hazikutufikia. London nao wamefanya kinyume: tangu mwaka 1985 malori ya zaidi ya tani 18 yamewekewa mipaka usiku na siku za mwisho wa juma, ili watu walale. Miji miwili, amri mbili zinazopingana, na kila moja ina sababu yake. Kwa hiyo asitwambie mtu ya kuwa saa za malori ni hesabu ya mainjinia peke yao.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Manila, mji mkuu wa Ufilipino, ambao kama wetu una bandari kubwa iliyoshikana na mji. Februari 2014 wakuu wa mji ule waliyakataza malori barabarani tangu saa 11 za alfajiri mpaka saa 3 za usiku, wakaacha saa chache tu za katikati ya mchana. Wenye malori wakagoma. Makontena yakajazana bandarini, meli zikangoja nje, viwanda vikacheleweshewa vifaa. Septemba mwaka ule ule amri ikaondolewa. Kutaka barabara iwe nyepesi halikuwa kosa. Walikosa pale walipofunga njia kabla ya kuandaa mahali pa mzigo kungoja, na mzigo usio na mahali pa kungoja hungoja juu ya mtu.

Nasi tunao mfano wa nyumbani, ingawa ulihusu reli. Agosti 2019 ilitoka amri ya kwamba makontena yanayokwenda bara yachukuliwe kwa treni. Hakuulizwa dereva, hakuulizwa mfanya kazi wa kituo cha makontena, wala mwenye mkahawa wa kando ya barabara. Watu wa Mombasa wakaandamana, amri ikasimamishwa Oktoba, ubishi ukaendelea miaka, na Septemba 2022 serikali mpya ikaamuru kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa. Hatuifungui kesi ile upya, maana kila mtu alikuwa na upande wake. Twaitaja kwa kuwa waraka mmoja ulitosha kuhamisha kazi za watu wengi, na wanaotaka kuihamishia kazi yetu usiku wanaelekea kushika kalamu ile ile.

Uwezo wa kulipanga jambo hili uko kwa serikali ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti barabara zake, taa za barabarani, na mambo ya magari barabarani na maegesho yake. Yote hayo yameandikwa mahali pamoja, mstari kwa mstari. Twaupenda mpango huo, maana aliyepewa uwezo wa kulizuia lori mchana ndiye aliyepewa kazi ya kuwasha taa ambayo kwayo litashushwa usiku. Hawezi kuchukua mstari mmoja akauacha wa pili. Na Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki na masharti ya kazi yanayofaa. Haikusema mpaka jua litue.

Twataka nini, basi? Amri, ikiwa itatolewa, itaje ukubwa wa gari na upana wa njia. Isiseme "malori" tu ikanyamaza. Trela la kontena lisiingie kabisa katika Mji wa Kale, mchana wala usiku. Halina pa kugeukia, na usiku ndipo litakapokwangua kuta za watu. Pikapu na lori dogo la tani 3 liachwe liingie asubuhi. Na mkokoteni usiguswe. Kila likija neno la usafi wa mji, mkokoteni ndio wa kwanza kufukuzwa, kana kwamba ni takataka, hali ndicho chombo kinachopita katika vichochoro vile bila moshi, bila honi na bila kugusa ukuta.

Lakini jambo kubwa ni uwanja. Pawekwe uwanja wa kugawia mizigo upande wa Shimanzi, karibu na bandari, wenye paa, maji, choo na taa, ambapo trela litashushwa mchana kwa utaratibu, na mzigo utiwe katika magari madogo na mikokoteni kwenda madukani. Hivyo trela halifiki Digo Road, kazi yabaki mchana, na hamali apata lori la kushusha na mkokoteni wa kupakia, kazi mbili mahali palipokuwa na moja. Matajiri watasema ni gharama. Ni ile ile waliyoikwepa siku zote kwa kuegesha kontena barabarani. Ikiwa itaongeza kitu juu ya kilo ya sukari, waseme ni kiasi gani, tukae tuihesabu pamoja, kwa maana sukari hiyo nasi twainunua.

Kwa mizigo ambayo hapana budi iingie nje ya mchana, twaona vipindi viwili vyatosha: tangu saa 11 za alfajiri mpaka saa 1 ya asubuhi, kabla watoto wa shule hawajajaa njiani, na tangu saa 1 ya usiku mpaka saa 4, matatu zingali zikienda. Kazi ikipita hapo, iwe na malipo ya usiku na gari la kuwarudisha watu makwao. Saa ya kungoja ilipwe kama saa ya kazi. Na jina la kila aliyefanya kazi liandikwe katika karatasi ya siku ile, naye apewe nakala yake. Wengine wataona karatasi ni jambo dogo. Sheria ile ile ya mwaka 2007 yasema kibarua ambaye siku zake za kazi za mfululizo zimefikia jumla ya mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa siku kwa siku, bali apate masharti ya mtu wa mwezi. Wako wanachama walioshusha mizigo ya ghala moja miaka na miaka, na leo hawawezi kuthibitisha hata Jumanne moja.

Makuli wa Kilindini nao walikuwa hivyo. Walikuwa vibarua, leo wanacho, kesho hawana. Palihitajika mgomo mkuu wa Januari 1947, na mgomo wa bandarini wa Machi 1955, na mazungumzo marefu, hata watu wakaanza kuandikwa na ukibarua ukapunguzwa hatua kwa hatua. Leo bandari yafanya kazi mchana na usiku na hakuna anayeshangaa, kwa sababu kazi ya zamu imekwisha kuwekewa utaratibu. Mwendo mfupi kutoka lango lile, mtu abeba gunia lile lile, lililotoka katika meli ile ile, na masharti yake ni ya kabla ya 1947.

Liko na jambo la vibali. Amri ikisema malori makubwa yasiingie mchana "ila yenye kibali", twajua itakavyokwenda. Mwenye magari mengi atakipata. Mwenye lori moja la kukodisha atasimamishwa, na aachiwe askari kuamua, na kila askari anapoachiwa kuamua hupatikana bei. Dereva na taniboi ndio watakaolala kituoni, si mwenye mali. Kwa hiyo twataka faini ya kuingia saa isiyoruhusiwa imwendee aliyeagiza mzigo na mwenye gari. Wao ndio wanaopanga saa ya kufika. Dereva huambiwa nenda, naye huenda.

Siku ya kuitwa mezani itafika, na wenzetu wa upande wa pili watakuja na hesabu za motokaa ngapi hupita kwa saa. Nasi tusiende mikono mitupu. Kila mwanachama anayeshusha au kupakia kisiwani, tangu Jumatatu ijayo kwa muda wa wiki nne, aandike mambo manne: saa aliyoambiwa afike, saa lori lilipofika, saa kazi ilipokwisha, na jinsi alivyorudi nyumbani. Madereva na mataniboi waandike mahali walipongojeshwa, na kama palikuwa na maji na choo. Karatasi zipelekwe kila Jumamosi kwa mwakilishi wa chama mahali pa kazi. Asiyejua kuandika amwambie mwenziwe amwandikie. Jina lako hatulitaki, wala la tajiri wako. Twataka saa tu.